Kujitokeza mbele za watu kabla ngozi haijapona: mwongozo kamili

Wasomaji wengi wenye mbalanga, soriasisi, pumu ya ngozi au chunusi kali hukwama mahali pamoja. Dawa wanapaka, kliniki wanahudhuria, lakini maisha wameyaweka kiporo. Kuomba kazi, kupiga picha, kuvaa mikono mifupi, kumjibu yule anayewataka: yote yanasubiri siku ngozi itakapotulia.

Wakilalamika, huambiwa "wapuuze tu". Wanajaribu siku mbili, inawashinda, halafu wanajiona wao ndio dhaifu. Ushauri wenyewe ndio mbovu. Hakuna binadamu anayeweza kupuuza macho yanayomtazama usoni, na ukijilazimisha usilifikirie jambo, ndipo linapokuganda.

Mwongozo huu una kazi moja tu: kukurudisha kwa watu ngozi ikiwa vilevile ilivyo leo. Fuata mpangilio wa hatua. Ya kwanza na ya nne ndizo zinazorukwa zaidi, na wanaoziruka ndio wanaorudi kusema mbinu haifanyi kazi.

## Onyo kabla ya kuanza

Kama una mawazo ya kujiua au kujidhuru, usianze na daftari. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na uende hospitali leo hii, kitengo cha dharura. Sema waziwazi: "Nina mawazo ya kujiua." Usianze na habari za ngozi ukitumaini daktari atabahatisha yaliyobaki. Sonona kwa watu wenye magonjwa sugu ya ngozi ni jambo linalojulikana vizuri kitabibu, kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kulisema.

## Vitu vya kuandaa

- Jina la ugonjwa wako kutoka kwa daktari, si kutoka kwa jirani wala kwenye picha za intaneti.
- Daftari na kalamu. Simu inafaa pia, ila kwenye simu wengi huanza kuandika na kuishia kutazama sura za watu wasio na doa.
- Saa yenye kengele.
- Kioo unachoweza kusimama mbele yake peke yako.
- Mtu mmoja unayemwamini. Mmoja anatosha. Asiwe mtu anayelia kila akikuona.
- Mafuta au losheni yako ya kawaida ya kulainisha ngozi, na dawa ulizoandikiwa.
- Wiki sita hadi nane. Ukitaka matokeo kufikia Ijumaa, utakata tamaa Alhamisi.

## Hatua ya 1: Pata jina la ugonjwa, kisha liandikie sentensi tatu

Karibuni utamwambia mtu "hauambukizi", na sentensi hiyo lazima iwe kweli. Upele unaoletwa na utitiri huambukiza. Mapunye na choa huambukiza. Ukikutwa na hayo huhitaji mwongozo huu, unahitaji kumaliza dawa, na yatakwisha.

Baka lililofifia rangi ambalo pia halihisi likiguswa lipeleke hospitali mapema, usilikalie, kwa sababu inaweza kuwa ukoma. Ukoma unatibika, na mgonjwa huacha kuambukiza wengine muda mfupi baada ya kuanza dawa. Kinacholemaza watu ni kuchelewa.

Ukishapata jina, andika sentensi tatu: ni nini, unaambukiza au la, na wewe unaendeleaje. Mifano:

Mbalanga, yaani vitiligo. "Kinga ya mwili wangu inashambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hauambukizi. Mabaka hayaniumi."

Soriasisi. "Ngozi yangu inajizalisha haraka mno: kazi ya wiki nne inafanyika kwa siku chache, ndiyo maana unaona magamba. Hauambukizi. Natumia dawa."

Pumu ya ngozi. "Ngozi yangu haishiki unyevu vizuri, inawasha na kukasirika kwa vitu vidogo. Hauambukizi, na si uchafu. Leo imetulia kidogo."

Ukikutana na mbishi kuhusu soriasisi, mwambie kwamba mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio linalouita ugonjwa sugu usioambukiza. Na mbalanga si ajabu ya mtu mmoja. Makadirio ya kawaida ni kati ya asilimia 0.5 na 2 ya watu duniani.

Umefaulu ukiweza kuzisema sentensi hizo tatu bila kusoma, kwa sauti ile unayoitumia kumwelekeza mtu njia.

## Hatua ya 2: Upime mzigo kwa namba

Ukubwa wa mabaka haupimi ukubwa wa maumivu ya moyoni. Mtu mwenye baka dogo juu ya mdomo anaweza kuwa amejifungia ndani mwaka mzima, na mwenye mabaka mwili mzima akawa anaogelea kila wikendi. Daktari akikuambia "hii si kubwa", anasema habari ya ngozi. Habari iliyobaki unayo wewe, na bila namba itapotea ndani ya dakika chache za kliniki.

Muulize daktari wa ngozi kuhusu dodoso liitwalo DLQI (Dermatology Life Quality Index), linalopima jinsi ugonjwa wa ngozi unavyoathiri maisha. Lilitungwa na Andrew Finlay na Gul Karim Khan huko Cardiff na kuchapishwa mwaka 1994. Lina maswali 10 kuhusu wiki moja iliyopita: aibu, mavazi, kazi au masomo, michezo, mahusiano, tendo la ndoa, hata usumbufu wa matibabu yenyewe. Kila swali lina pointi 0 hadi 3, jumla 30. Ukivuka 10, ugonjwa unahesabiwa kuwa unayaathiri maisha yako kwa kiwango kikubwa sana. Kwa madaktari wengi namba hiyo ni sababu ya kufikiria upya matibabu, hata kama mabaka ni machache.

Ongeza maswali mawili ya hisia. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia huzuni, kuvunjika moyo au kukosa tumaini? Kila swali jipe 0 kama hakuna kabisa, 1 kwa siku chache, 2 kwa zaidi ya nusu ya siku, 3 kwa karibu kila siku. Jumla ikifika 3 au zaidi, mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili sambamba na hatua hizi. Usisubiri kumaliza mwongozo.

Umefaulu ukiwa na namba mbili zenye tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Zikiwa mbaya, zimefanya kazi yake vilevile.

## Hatua ya 3: Orodhesha ulivyoviacha, na unavyojifichia

Hapa watu huandika mistari miwili na kufunga daftari. Kaa nalo.

Ukurasa wa kushoto andika ulivyoviacha: kinyozi au msusi, kuogelea, kunyoosha mkono kusalimiana, kupigwa picha, kusimama mbele ya darasa, taa ikiwa imewaka chumbani.

Ukurasa wa kulia andika unavyojifichia hata ukiwa umetoka. Hivi ni vijanja zaidi. Kukaa kiti cha pembeni ili upande mmoja wa uso usionekane. Nguo ya shingo ndefu wakati wa joto. Kufika mapema ili usiingie watu wakiwa wamekaa. Kushika simu bila kuisoma. Kupangusa mabega kila dakika ili magamba yasionekane. Kutangulia kujitania kabla wengine hawajasema.

Kwa nini uorodheshe vyote viwili? Kwa sababu kukwepa kunalipa papo hapo. Ukiahirisha kwenda, hofu inashuka dakika ileile, na ubongo unajifunza kwamba kubaki nyumbani ndiko kulikokuokoa. Mara ya pili hofu inakuja mapema zaidi. Vitu vya ukurasa wa kulia vinafanya hivyohivyo kimyakimya: umekwenda, umerudi salama, lakini sifa zote zimechukuliwa na skafu.

Kila mstari upe namba ya hofu, 0 hadi 10. Panga upya kuanzia wa chini. Hiyo ndiyo ngazi yako.

Onyo: usiorodheshe kinga halisi za kitabibu kama maficho. Mwenye mbalanga anahitaji kukinga mabaka dhidi ya jua kali kwa sababu hayana rangi ya kuyalinda. Ukijiuliza nguo fulani ni kinga au ni maficho, angalia kama unaivaa pia usiku, ndani ya nyumba, wageni wakija.

Umefaulu ukiwa na mistari angalau kumi, na miwili kati yake inakutia aibu kuiandika.

## Hatua ya 4: Andaa majibu kabla ya maswali

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ndiyo ninayoona inadharauliwa zaidi. Watu hudhani watajua la kusema wakifika. Hawajui. Mtu akiulizwa ghafla mbele za wengine, koo linakauka, anajibu kwa ukali au kwa maelezo ya dakika kumi, kisha usiku mzima anajilaumu.

Shirika la Uingereza liitwalo Changing Faces, lililoanzishwa mwaka 1992 na James Partridge aliyeungua vibaya kwenye ajali ya gari akiwa na miaka 18, limefundisha kwa muda mrefu mpangilio wa sehemu tatu: eleza kwa ufupi, tuliza, hamisha mazungumzo. Uzuri wake uko kwenye sehemu ya tatu. Wengi huishia ya kwanza, wanaachwa wamesimama katikati ya ukimya, na muulizaji anaujaza ukimya huo kwa swali la pili.

Tuipitie kwa wanaokuja mara kwa mara.

Mtoto anayenyoosha kidole. Mzazi wake huwa anaona aibu kuliko wewe, na atamvuta mkono. Ongea na mtoto: "Ngozi yangu ina rangi mbili. Haiumi. Viatu vyako vizuri, nani kakununulia?" Mtoto hupokea jibu na kuendelea na maisha yake kwa kasi ambayo watu wazima wangeiga.

Mgeni mwenye maswali. "Ni soriasisi, haiambukizi. Hii foleni inasogea kweli?" Mtu usiyemjua hakudai historia ya ugonjwa wako. Akirudia: "Asante kwa kujali, ila leo sina nafasi ya kulizungumza hilo."

Mwenzako kazini. Huyu utamwona kesho na keshokutwa, kwa hiyo ni afadhali umtangulie. Chagua wakati mko wawili: "Utakuwa umeona mikono yangu. Ni pumu ya ngozi, haiambukizi, kuna siku inakuwa mbaya. Ukiniona nimevaa glavu, ni kwa sababu ya sabuni. Ripoti ile tumefikia wapi?" Mwambie mmoja anayependa kuongea, naye atakusaidia kuisambaza.

Mtoa dawa. Kila mgonjwa wa ngozi anamjua: shangazi, jirani, abiria mwenzako, ana majani, ana mafuta, ana binamu aliyepona kwa wiki moja. Ubishi unamwongezea nguvu. "Asante, mama. Niko kwenye dawa za daktari, na kaniambia nisichanganye." Ni heshima, na mara nyingi ni kweli.

Anayekwepa mkono wako. Ameshauvuta wake, na wewe umeachwa na mkono hewani. Ushushe taratibu, usiurudishe kwa kasi kama mtu aliyeungua. "Hauambukizi, lakini hakuna neno. Habari za tangu juzi?" Umesema ukweli, umemwachia njia ya kutokea, na waliokuwepo wamesikia.

Mtukanaji. Mpangilio wa sehemu tatu haumhusu, wala hakudai maelezo. Chagua moja kati ya mawili: ondoka, au sema sentensi moja kwa sauti ya kawaida, "Hayo maneno si ya kuniambia," kisha ondoka. Akiwa anakusumbua kazini au shuleni mara kwa mara, andika tarehe, maneno na mashahidi, upeleke kwa msimamizi. Kuvumilia kusiko na mwisho hakukujengi.

Anayekodoa tu, bila neno. Mtazame machoni kwa muda mfupi, inamisha kichwa kidogo au tabasamu, kisha rudi kwenye shughuli yako. Wengi hushtuka, wakagundua walikuwa wanakodoa, wakaangalia kwingine. Usishindane naye kutazamana.

Sasa fanya mazoezi kwa sauti. Kwanza mbele ya kioo, kisha na yule mtu wako mmoja awe anakuuliza vibaya makusudi. Sentensi uliyoisoma kimya itakukimbia siku ya siku.

Umefaulu ukiweza kujibu aina tatu kati ya hizi bila kuinamisha macho, na jibu likaisha kabla hujaishiwa pumzi.

## Hatua ya 5: Panda ngazi, ngazi moja kwa wakati

Chukua mstari wenye hofu ya 3 au 4. Usianze na 9 ukidhani unajikomaza. Ukishindwa huko, utakuwa umeipa hofu ushahidi mwingine.

Kabla ya kutoka, andika unachotabiri kwa maneno yanayoweza kuhakikiwa. "Itakuwa mbaya" haitoshi. Andika: "Angalau mmoja atabadilisha kiti nikikaa karibu naye."

Weka muda, tuseme dakika 20, na ukae mpaka uishe. Hofu ina kilele, na ukiondoka kilele kikiwa juu utarudi nyumbani na kumbukumbu ya kilele. Ukikaa, mara nyingi hushuka yenyewe. Isiposhuka, bado umejifunza kwamba unaweza kukaa ukiwa na hofu, na huo nao ni ujuzi.

Ondoa ficho moja tu kila safari. Leo skafu, simu ibaki mkononi. Safari nyingine simu mfukoni. Ukivua vyote siku moja hutajua kipi kilikuwa kinakubana.

Ukirudi, chora safu tatu: nilitabiri nini, kilitokea nini, nilikitafsiri vipi. Safu ya pili iwe na mambo ambayo kamera ingeyanasa. "Alinichukia" haionekani kwenye kamera. "Aliangalia mkono wangu, kisha akaangalia dirishani" inaonekana.

Sababu ya safu hizo ni jaribio moja la mwaka 1980. Wanasaikolojia wa Marekani Robert Kleck na Angelo Strenta waliwachora washiriki kovu usoni kwa vipodozi, wakawaonyesha kwenye kioo. Kisha, kwa kisingizio cha kulipaka kitu lisipasuke, wakalifuta bila wao kujua. Washiriki wakaenda kuongea na mtu, uso hauna alama yoyote, na bado wakasimulia jinsi kovu lilivyomfanya mtu huyo abadilike.

Lakini usilitumie jaribio hilo kujidanganya. Alama yako ipo, na wako wanaokodoa kweli. Anayekuambia "yote yako kichwani mwako" hajawahi kukaa peke yake kwenye kiti cha watu wawili gari likiwa limejaa. Jaribio linaonyesha kwamba juu ya macho halisi, matarajio yetu huongeza macho mengine, na hayo ya kuongezwa ndiyo daftari linaweza kuyapunguza.

Onyo: yakitokea matusi au mtu kukuhama kweli, usirudie ngazi ileile kesho peke yako. Rudia ukiwa na mtu wako, au chagua mahali pengine penye hofu ileile.

Umefaulu ukirudia ngazi moja mpaka namba yake ishuke kwa nusu, au mpaka ikuchoshe. Kuchoshwa na jambo lililokuwa linakutetemesha ni dalili nzuri mno.

## Hatua ya 6: Mikono na mwasho

"Acha kujikuna" huenda ndiyo sentensi isiyo na faida kuliko zote anazoambiwa mgonjwa wa ngozi. Hata hivyo kujikuna mbele za watu kunarudisha macho, na kwa soriasisi na mbalanga mchubuko unaweza kuzaa baka jipya palepale. Msongo wa mawazo unaongeza mwasho, mwasho unaiba usingizi, na kukosa usingizi kunaongeza msongo.

Jaribu mbinu ya kubadilisha zoea, iliyoanza kwa wanasaikolojia Nathan Azrin na Gregory Nunn mwaka 1973 na baadaye ikachukuliwa na madaktari wa ngozi:

1. Siku chache za mwanzo usijizuie. Hesabu tu, mstari mmoja kwenye karatasi kwa kila mkuno. Utaona saa na mahali panapojirudia.
2. Mkono ukianza safari, funga ngumi na uishike kwa sekunde 30.
3. Mwasho ukibaki, bonyeza mahali hapo kwa ukucha bila kuburuta, au finya polepole, mpaka upite.
4. Paka mafuta ya kulainisha kabla ya saa ile uliyoigundua, si baada yake.

Ngumi chini ya meza haionekani na mtu. Ndiyo maana inafaa mikutanoni.

Umefaulu mistari ikipungua. Haitafika sifuri, na usiitake ifike.

## Hatua ya 7: Watu wa ndani

Wanaokupenda wana namna yao ya kuumiza: kukukagua kila asubuhi. "Leo imezidi." "Hapa palikuwa pameanza kupona." Wape kanuni moja kwa upole: "Habari za ngozi nitazileta mimi. Nikinyamaza, tuongee mengine."

Kwa mpenzi mpya, swali la lini umwambie linawakosesha watu usingizi. Maoni yangu: mwambie kabla ya mara ya kwanza kuvua nguo, mkiwa mmevaa, mkiwa mahali mnapoweza kuondoka wote wawili kwa amani. Tumia sentensi tatu za hatua ya kwanza, ongeza ya nne: "Hapa ukinigusa ni sawa, hapa panauma." Mtu akielekezwa mahali pa kuweka mkono hupoteza hofu yake upesi. Akiondoka, itauma, na hakuna hatua katika mwongozo huu itakayoizuia isiume siku hiyo.

Mwenzi wa siku nyingi naye huacha kukugusa akiogopa kukuumiza, na wewe unatafsiri kwamba anaona kinyaa. Muulize. Mara nyingi wote wawili mmekuwa mkisubiri ruhusa.

## Hatua ya 8: Ukiwa kliniki

Peleka namba za hatua ya pili na useme sentensi moja mwanzoni kabisa: "Naomba tuongelee pia jinsi ugonjwa huu unavyonifanya niishi." Ikija mwishoni, mkono ukiwa kwenye kitasa, haitapata muda.

Uliza kama dawa zako zinagusa hisia. Wanaomeza aizotretinoini kwa chunusi kali huonywa waangalie mabadiliko ya hisia, na dawa hiyo haimezwi kabisa na mjamzito. Prednisoloni ya kumeza, ambayo ni dawa ya stiroidi, inaweza kukosesha usingizi na kuvuruga hisia. Lakini ukiwa umeimeza kwa wiki kadhaa usiikate ghafla, mwili unahitaji ipunguzwe kwa utaratibu wa daktari.

Vipodozi vya kufunika mabaka si dhambi wala udhaifu. Vitumie vikiwa ni hiari. Kipimo ni hiki: unaweza kwenda dukani mara moja kwa wiki bila kuvipaka? Kama huwezi, viweke kwenye ukurasa wa kulia wa hatua ya tatu.

Krimu za kung'arisha ngozi zisizo na maelezo ya kilichomo kaa nazo mbali. Baadhi zina zebaki, inayoharibu figo, au stiroidi kali zinazopunguza unene wa ngozi na kukuachia tatizo la pili juu ya la kwanza.

## Ngozi ikichafuka tena

Itachafuka. Magonjwa haya huja kwa mawimbi, na wimbi likija watu hushuka ngazi yote mpaka chini, wakajifungia, wakasema mbinu imekufa.

Shuka ngazi moja au mbili tu. Kama ulikuwa umefika 7, fanya ya 5 wiki hiyo, hata kwa dakika kumi. Usiache mazoezi ya majibu, maana mabaka mapya huleta maswali mapya, hasa yakihamia usoni au mikononi. Sahihisha sentensi ya tatu iendane na hali: "Wiki hii imeamka, natumia dawa."

Wiki ya nane jaza DLQI upya, kwa maswali yaleyale, bila kutazama majibu ya mwanzo. Upungufu wa pointi 4 au zaidi huhesabiwa kuwa mabadiliko ya kweli, hata kama mabaka hayajapungua hata moja. Ukikuta upungufu mdogo kuliko huo, peleka daftari zima kwa mnasihi au mwanasaikolojia. Utakuwa umemwokolea vikao kadhaa vya mwanzo, kwa sababu orodha, ngazi na safu tatu ndivyo ambavyo angekuomba uandike.